Pofu Aliyeng'oa Uzio Siku ya Uchaguzi

Mko wangapi hapo?
Tuko wengi!
Masikio mnayo?
Tunayo, kila mtu na yake!
Basi yafungueni, maana ninayo ya kusimulia.
Imwage tuisikie!

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na mkoa ulioitwa Nyasi Ndefu. Katikati ya mkoa palikuwa na kilima, na chini ya kilima palikuwa na bwawa. Kiangazi kikiingia, mito yote hukauka, likabaki bwawa hilo peke yake. Aliyepanga zamu za kunywa ndiye aliyeushika mkoa. Na zamu zilipangwa na Baraza la Mkoa, lililokuwa likikaa kule juu kilimani.

Wakati huo hapakuwa na uchaguzi. Simba, mtawala wa nchi nzima, ndiye aliyeteua wajumbe, naye aliteua fisi. Fisi mwenyekiti, fisi katibu, fisi mpaka mfagizi. Fisi walikunywa kwanza. Wakishakunywa, wakaoga. Wakishaoga, wakalala humo humo majini. Wengine walipofika walikuta tope.

Siku moja Simba alikuja kuutembelea mkoa. Akashikwa na kiu. Akashuka bwawani, akainama, akanyanyuka na tope kwenye ndevu. Aliunguruma mpaka ndege wakahama miti.

"Kuanzia sasa," akasema, "kila mkoa uchague baraza lake wenyewe! Mkikosea, msije kunilalamikia."

Ndivyo uchaguzi ulivyoanza Nyasi Ndefu.

Sasa, katika mkoa huo aliishi Pofu. Mnamjua pofu? Yule mnyama mkubwa wa jamaa ya swala, mwenye pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia shingoni. Wakati huo alikuwa kijana, miguu myepesi, moyo unachemka. Aliwaita marafiki zake wawili, Nyati na Bi Kobe, wakakaa kwenye nyasi, wakaanzisha chama. Wakakiita Chama cha Pembe. Alama yao ilikuwa jani bichi, unalichomeka nyuma ya sikio.

Bi Kobe hakuwa na pembe. Watu walipomuuliza anafanya nini kwenye chama hicho, alijibu, "Pembe za hawa wawili zinanitosha na mimi."

Wakaenda kuomba kura. Walikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, shimo kwa shimo, tundu kwa tundu. Kwa kuwa Bi Kobe alikuwa mzito wa mwendo, Pofu alilala chini, Bi Kobe akapanda mgongoni, safari ikaendelea. Wakifika mahali, Nyati hupiga kwato, vumbi hutimka, wanyama hukusanyika. Halafu Bi Kobe husema kutoka mgongoni kwa Pofu, kwa sauti yake kavu isiyo na haraka:

"Ninyi wa miguu mifupi, mnatoka mbali na mnachelewa kufika. Tukishinda, mtakunywa wa kwanza. Warefu tutangoja. Si ndivyo, ndugu yangu Pofu?"

"Ndivyo, dada yangu," Pofu alijibu.

Kisha waliimba, na mkutano mzima ukapokea:

Tufungulie, tufungulie,
Njia ya maji tufungulie.
Mrefu angoje, mfupi apite,
Sote tunywe, tusibaguane.

Walilala kwa Pimbi, kwenye mawe. Walilala kwa Nguchiro, mlangoni, maana shimo halikumtosha Pofu. Kwa Kanga walipewa uji wa mtama, na Nyati akaumaliza wote, na Kanga akacheka akapika mwingine. Mvua iliwanyeshea. Jua likawachoma. Pofu alikonda mpaka mbavu zikahesabika, na alikuwa hajawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku ya kura ilipofika, kila mnyama aliokota jiwe dogo, akalitumbukiza kwenye mtungi wa chama anachokitaka. Msimamizi alikuwa Korongo, ndege mrefu asiyependelea mtu wala asiyecheka. Jua lilipogusa kilele cha kilima, Korongo alifunga mitungi, akahesabu. Mtungi wa fisi ulikuwa na mawe ya fisi tu. Mtungi wa Pembe ulijaa mpaka mawe yakamwagika.

Wee! Walicheza! Nyati alicheza mpaka akaanguka. Panya buku walicheza juu ya migongo ya nyumbu. Kesho yake kobe, pimbi, kwale na kanga walishuka bwawani wakanywa maji maangavu kwa mara ya kwanza maishani mwao. Na warefu wakasimama nyuma, wakangoja. Pofu, mwenyekiti mpya wa Baraza la Mkoa, alisimama nyuma ya wote.

Huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza.

Mko nami?
Tuko nawe!

Haya. Miaka ikaenda. Nyati akafa, akaliliwa na mkoa mzima. Pofu akahamia kilimani, karibu na ukumbi wa baraza, maana kupanda na kushuka kulimchosha. Huko juu nyasi zilikuwa laini. Akanenepa. Shingo ikaning'inia zaidi.

Chama kikamletea katibu mpya, Bweha. Bweha alikuwa na mdomo mwembamba na maneno mengi mazuri. Alisema, "Mzee, wewe si wa kutembea tena. Wewe kaa. Mimi nitakuletea habari za chini."

Na kila jioni alimletea habari. Na kila jioni habari zilikuwa nzuri.

Uchaguzi wa pili ulipokaribia, Pofu alisema, "Nishuke nikaombe kura."

"Ya nini?" Bweha akamjibu. "Nimeshakodi ndege chiriku. Watauimba wimbo wetu kwenye kila mti."

Chiriku waliimba, lakini waliimba haraka haraka kama wanaokimbia mvua, na ule mstari wa mrefu kungoja waliuruka. Pofu aliusikia akiwa kilimani. Akajisemea kwamba wimbo una kitu kimepungua. Akatafuna majani, akasahau.

Chama cha Pembe kilishinda. Lakini Korongo alipoinua mtungi, haukumwagika. Ulikuwa nusu.

"Nusu si haba," alisema Bweha, na karamu ikafanyika. Karamuni walikuwepo nyumbu, nyati na pundamilia. Hakuwepo panya buku hata mmoja, na Pofu hakuuliza.

Baada ya hapo zamu za bwawani zikaanza kugeuka. Hazikugeuka siku moja. Nyumbu mmoja aliomba apite mbele, ana mgonjwa. Kesho wakapita wawili. Kesho kutwa wakapita wenye jamaa barazani. Mwisho warefu wakawa wanakunywa kwanza, na wafupi wakarudi kwenye tope.

Bi Kobe akafunga safari kwenda kilimani kumwona rafiki yake. Mlijue hilo, kobe kupanda kilima si mchezo. Alipofika mlangoni alimkuta Bweha.

"Namtaka Pofu."

"Mheshimiwa amepumzika," Bweha alisema. Bi Kobe akageuza, akashuka.

Akapanda mara ya pili.

"Namtaka Pofu."

"Mheshimiwa ana wageni." Bi Kobe akashuka.

Akapanda mara ya tatu. Safari hii Pofu mwenyewe alikuwa anatoka ukumbini. Akamwona, akafurahi kwa kweli. "Dada yangu Kobe! Umepotelea wapi?"

"Mimi sijapotea. Niko pale pale ulikoniacha. Tunakunywa tope, Pofu."

"Tope? Nani amefanya hivyo? Nitalishughulikia. Bweha, nikumbushe."

"Nitakukumbusha, Mheshimiwa," akasema Bweha.

Bi Kobe alimtazama Bweha, akamtazama Pofu. Kisha akasema polepole, "Ahsante, Mheshimiwa." Akashuka, na hakupanda tena.

Bweha hakukumbusha. Na Pofu hakukumbuka.

Uchaguzi wa tatu ulipokaribia, kilizaliwa chama kipya. Kilizaliwa chini, mashimoni, kikaitwa Chama cha Miguu Mifupi. Alama yao ilikuwa tope. Unalipaka kwenye paji la uso. Mgombea wao alikuwa Nungunungu, kijana mwenye miiba mirefu na hasira fupi. Walikwenda kuomba kura kwa miguu, nyumba kwa nyumba, shimo kwa shimo.

Habari hizi Bweha hakumletea Pofu. Alikuja na nyingine.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "njia ya kutoka bondeni kuja kwenye mitungi imeharibika. Naona tuweke uzio wa miiba, kwa usalama wa wapiga kura. Wanaotoka kule watazunguka kwa nyuma ya kilima."

Pofu aliijua njia ya nyuma ya kilima. Alijua kwamba kobe akiishika asubuhi, hafiki kabla ya jua kugusa kilele. Aliyajua yote hayo. Alimtazama Bweha, Bweha akamtazama. Pofu akaendelea kutafuna. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Na Bweha alikuwa hahitaji zaidi ya hapo.

Siku ya kura ikafika. Pofu alivaa jani lake bichi, akasimama pembeni ya mitungi kuwapokea wapiga kura. Wakaja nyumbu. Wakaja pundamilia. Wakaja nyati, wajukuu wa rafiki yake. Wote walimpigia saluti. Mawe yalilia kwenye mtungi wa Pembe: kwa! kwa! kwa! Kwenye mtungi wa Miguu Mifupi kulikuwa kimya.

"Tunashinda, Mzee," Bweha alinong'ona. "Safari hii utamwagika kama ule wa kwanza."

Pofu alijaribu kufurahi. Akautazama umati. Kila aliyemwona alikuwa na miguu mirefu. Akamtafuta Kanga, hayupo. Akamtafuta Pimbi, hayupo. Akawakumbuka walivyokuwa siku ile ya kwanza, wamejazana miguuni pake mpaka akaogopa kumkanyaga mtu. Jua lilianza kuteremka.

Ndipo upepo ulipogeuka ukavuma kutoka bondeni, ukaleta sauti. Zilikuwa sauti ndogo ndogo, nyingi, zilizokauka kwa kiu.

Tufungulie, tufungulie,
Njia ya maji tufungulie.
Mrefu angoje, mfupi apite,
Sote tunywe, tusibaguane.

Pofu alisimama kama aliyeitwa kwa jina lake. Mstari ule uliorukwa ulikuwepo.

"Wanatuibia wimbo wetu!" akasema Bweha. "Usijali, Mzee, hawapiti."

Pofu aligeuka. Alianza kutembea. Bweha akamkimbilia, "Mzee, unakwenda wapi? Mzee, wageni!" Pofu akaendelea. Goti lilimuuma, maana alikuwa hajateremka kwa miguu muda mrefu. Aliteremka hivyo hivyo mpaka kwenye uzio.

Ulikuwa uzio kweli. Matawi ya mgunga yalikuwa yamerundikwa toka jabali hata jabali, miiba myeupe mirefu kama vidole. Upande wa pili walisimama wafupi wote wa Nyasi Ndefu, kila mmoja na jiwe lake, tope kwenye paji la uso. Panya buku walikuwa wamejaribu kupenya, wakatoka damu. Na mbele ya wote alikuwa Bi Kobe. Ameng'ata tawi kwa mdomo wake mkavu, analivuta. Analivuta, linarudi. Analivuta, linarudi. Mwiba ulikuwa umemwingia shingoni.

Alipomwona Pofu, aliliachia tawi.

"Mheshimiwa," akasema.

Pofu alihisi lile neno likimchoma kuliko mwiba. "Kobe, kwa nini hamkuzunguka?"

"Tuzunguke wapi? Njia hii tumeipita tangu wewe ukiwa kijana. Mimi nimeipita mgongoni kwako."

Pofu akainamisha kichwa. "Nilijua," akasema. "Bweha aliuweka, na mimi nilijua."

"Najua kwamba ulijua."

Nungunungu akatokeza mbele, miiba imemsimama. "Sasa umekuja kutucheka?"

"Sogeeni nyuma," akasema Pofu.

Akaingiza pembe kwenye uzio, akanyanyua. Tawi la kwanza likang'oka. Miiba ikamchana uso. Akaingiza tena, akanyanyua. Jani lake bichi likaanguka, akalikanyaga bila kuliona. Akaingiza mara ya tatu, akasukuma kwa kifua, kwa mabega, kwa unene wote alioupata kilimani, na uzio ukaanguka ukatoa njia.

Damu ilimtiririka mpaka machoni. Akalala chini kama zamani, akamgeuzia Bi Kobe ubavu. "Panda, dada yangu. Jua linakwenda."

Bi Kobe aliutazama ule mgongo. Macho yake makavu yakalowana. "La," akasema. "Leo nitatembea mwenyewe. Nimeamka mapema kwa ajili hii."

"Utanipigia kura?"

"Sikupigii. Na sababu unaijua."

"Naijua," akasema Pofu.

Aliondoka mbio, goti likiuma, akapanda mpaka kwa Korongo. Jua lilikuwa limebakiza upana wa unyoya mmoja kugusa kilele.

"Msimamizi," akasema akihema, "kuna foleni njiani. Walizuiwa. Naomba usifunge mitungi mpaka wa mwisho wao apige kura."

Korongo aliinamisha shingo, akamwangalia uso uliochanika. "Nani aliwazuia?"

"Chama changu. Na mimi nilinyamaza."

"Hao wanaokuja watakuangusha."

"Waache waje."

Korongo akasubiri. Walikuja mmoja mmoja. Jua liligusa kilele, likazama nusu, na mawe yalikuwa bado yanalia kwenye mtungi wa pili. Wa mwisho alikuwa Bi Kobe. Kila mtu alimngoja, na warefu wakamngoja. Alifika, akatumbukiza jiwe lake, akatulia pale kupumzika.

Korongo akahesabu. Chama cha Pembe kikaanguka.

Vijana wa Pembe walimzomea Pofu. "Msaliti! Umeuza chama!" Nyumbu wakamtemea majani miguuni. Wakamvua uenyekiti wa chama pale pale, na Pofu akakubali, akajifuta damu kwenye nyasi.

Na Bweha je? Subirini, sijamsahau. Furaha ilipopamba moto upande wa Miguu Mifupi, Bweha alichota tope, akajipaka kwenye paji la uso, akaingia katikati yao akicheza. "Tumeshinda, ndugu zangu! Mimi nilikuwa wenu tangu zamani, nilikuwa kule kama mpelelezi tu!"

Pimbi akamwangalia. "Na hilo jani nyuma ya sikio lako?"

Bweha alikuwa amesahau kulitoa. Alisimama hapo, tope usoni, jani sikioni. Kicheko kilichopigwa siku ile kilisikika mikoa ya jirani. Miguu Mifupi wakamfukuza. Akakimbilia kwa Pembe, wakaliona tope, nao wakamfukuza. Ndiyo maana mpaka leo mtamwona bweha anazungukazunguka pembezoni mwa makundi ya wengine, anachungulia, hana pa kukaa.

Pofu alirudi kuishi chini. Kiangazi kilichofuata alishika foleni ya bwawani. Wafupi walikunywa kwanza, kama Nungunungu alivyoahidi, na Pofu alisimama nyuma kabisa na kiu yake. Siku za mwanzo hakuna aliyemsemesha. Baadaye pundamilia mmoja mzee alimuuliza habari za goti. Baadaye Kanga alimwuliza kama anamkumbuka. "Nakukumbuka," Pofu akasema. "Nyati alikumalizia uji." Kanga akacheka mpaka akalia, na yeye Pofu pia.

Uchaguzi mwingine ulipokuja, Chama cha Pembe kilikuwa kimebaki na wachache, wale waliojaa aibu. Hawakuwa na katibu wala chiriku. Pofu akawaambia, "Mimi nagombea kiti kimoja tu, kata yetu hii ya nyasi. Nitakwenda kwa miguu." Akaenda. Baadhi ya milango ilifungwa. Mingine ilifunguliwa nusu. Kwenye ile ya nusu alikaa chini, akauliza maisha yanakwendaje, akasikiliza mpaka mwisho. Alishinda kwa tofauti ya mawe machache, akawa mjumbe wa kawaida, wa viti vya nyuma. Na Nungunungu aliponenepa kidogo, maana kilima kile kina nyasi laini kwa kila anayekaa, Pofu ndiye aliyekuwa akisimama kuuliza, "Mwenyekiti, foleni ya bwawani umeiona lini kwa macho yako?"

Alipozeeka kabisa, wanyama walipenda kukaa naye jioni, naye akiwasimulia. Aliwasimulia mawe ya kwa Pimbi yalivyokuwa na joto usiku. Alimtaja kila aliyewafungulia mlango, jina kwa jina, na mvua ya kila mahali, na uji wa kila mahali, na alivyokuwa akicheka Nyati.

Siku moja Nguchiro akamuuliza, "Na kilimani je, Babu? Ulikaa miaka mingi. Kulikuwaje?"

Pofu alifikiri sana. Alitafuta, akatafuta.

"Kilimani," akasema mwisho, "palikuwa na upepo mzuri." Na hakuwa na la kuongeza.

Mmesikia? Ngano hii yatufundisha kwamba cheo hutoka kwa watu, na anayeacha kuwasikiliza watu hao atakipoteza hata kabla ya siku ya kura. Tena inatufundisha kwamba kushindwa kwa haki kunamwachia mtu jina lake, na chama kilichoanguka chaweza kuinuka, kikikubali kutembea upya.

Yangu nimeimwaga yote, kibuyu kitupu. Tamu mliyoionja, gawaneni mkienda nyumbani. Chungu niachieni msimuliaji, niitemee mbali.
Tumeipokea!
Basi inukeni, tukalale.